Mfano wa Ukurasa wa Tatu

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga, chai ikichemka, na jogoo bado hajawika. Jerusa akapunguza moto, akavaa miwani, akafungua tena kompyuta ya mjukuu wake Dorine. Siku ya tatu sasa anashindwa na mfano ule ule wa mwongozo aliopewa aujaribu. Hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba vidole vilivyochuma majani chai miaka thelathini labda vimechelewa kusoma.

Dorine na mwenzake Chemutai walikuwa wameunda lugha ndogo ya kompyuta, na sasa walikuwa wakiandika mwongozo huo wa wanaoanza. Jumamosi akina mama kumi wa kanisa pale Sotik wangeanza kuusoma. Kilichobaki ni kuchagua programu ya kutengenezea kurasa. Dorine alipenda ile yenye rangi. Chemutai alitaka nyingine, ya kurasa nyeupe tu.

Saa mbili asubuhi Chemutai akafika kutoka Sigor na chupa ya maziwa.

"Dani, umefika wapi?"

Jerusa alifurahi kila mara binti huyu wa Kikipsigis alipomwita Dani, yaani nyanya, kama wajukuu wake wa Kijaluo.

"Ukurasa wa tatu, mama. Lakini kosa ni langu. Msiharibu kitabu kwa sababu ya kichwa kizee."

"Ngoja kwanza. Programu yangu hujaribu kila mfano kabla ya kutoa ukurasa."

Akaingiza kurasa zote. Programu ikasimama, mstari mwekundu ukatokea: ukurasa wa tatu.

"Si wewe, Dani! Mfano ndio mbovu. Tulibadilisha lugha mwezi uliopita, tukasahau hapa."

Dorine, aliyekuwa akichungulia nyuma yao, akashika mdomo. "Siku tatu unajilaumu! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nyinyi ndio mmesoma."

Dorine akamshika nyanya yake bega. "Tunachukua programu ya Chemutai. Rangi tuziache."

"Si nilikuambia rangi haziivishi githeri?" Chemutai akamcheka, huku akirekebisha mfano.

Jerusa akaandika polepole, herufi moja moja. Mashine ikajibu: Karibu, Jerusa. Akacheka hadi miwani ikaingia ukungu. Akawafikiria wale akina mama kumi, ambao sasa hawatalala wakidhani vichwa vyao ndivyo vibovu.

Langoni alimpa Chemutai mayai sita, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kutonicheka. Rudi tena, mwanangu. Ukurasa wa nne nataka tuusome pamoja."