Mpaka Baba Amalize

Kazini walimwita Umeme, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kujibu kwa maandishi malalamiko ya wateja wa kampuni ya simu, mazungumzo chungu nzima yamefunguka kwa pamoja kwenye kompyuta. Mteja hajamaliza kueleza shida yake, Umeme keshamtumia jibu. Msimamizi aliwaleta waajiriwa wapya wasimame nyuma ya kiti chake waone kazi inavyofanywa.

Nyumbani alikuwa na baba yake. Mzee alikuwa mkalimani wa mahakama maisha yake yote, mtu wa kuchambua maneno kama mchele. Kiharusi kilipompiga kilimwachia akili zake timamu, kikamnyang'anya ulimi. Neno moja aliligombania mpaka jasho linamtoka, na likitoka linatoka nusu.

"Nipe," alisema. "Nipe..."

"Maji, Baba?" Umeme alishamwekea glasi mdomoni, jicho likiwa kwenye simu. Mzee akatikisa kichwa. "Blanketi? Rimoti?"

Mzee akageukia ukuta, na Umeme akajiambia kwamba kachoka.

Si kwamba hakumpenda. Alipojilazimisha kumtazama mdomo ule ukihangaika, kidole gumba kilianza chenyewe kutafuta kioo cha simu, hata kama hakukuwa na ujumbe wowote. Alikuwa vivyo hivyo hata kwenye misa za wafu.

Kila wiki alikuja mama mmoja mtaalamu wa usemi kumfanyisha mzee mazoezi. Siku moja alipomaliza alimvuta Umeme kando, ukumbini.

"Baba yako anaendelea vizuri," alisema. "Anayenitia wasiwasi ni wewe."

"Mimi tena?"

"Kila akifungua mdomo unamkata. Ipo siku ataacha kujaribu. Ukitaka kumsaidia, nyamaza mpaka amalize."

Neno hilo lilimchoma. Kuanzia hapo, akitoka kazini alifungia simu kwenye kabati la vyombo, akavuta kiti, akakaa mbele ya baba yake. Mwanzoni yalikuwa mateso. Alihisi simu ikitetemeka pajani na haiko. Alimtazama mzee na kichwani anapanga nguo za kufua. Mara nyingine aliinuka akaenda kusimama mbele ya kabati, kisha akarudi, ameona aibu mwenyewe. Lakini alirudi, na taratibu kelele za kichwani zikapungua. Alianza kujua kope za mzee zinavyocheza kabla neno halijafika. Hata kazini akawa anasoma malalamiko ya watu mpaka nukta ya mwisho, na msimamizi akamwita kumuuliza kama anaumwa.

Jumapili moja mchana mzee aliweka mkono juu ya goti la binti yake.

"Nipe," alisema.

Umeme akanyamaza. Jirani alikuwa akifagia uani; akamaliza, akaingia ndani.

"Nipe... leke."

Akangoja.

"Kwa... mdogo wako."

Mdogo wake alikuwa na nyumba ndogo yenye watoto wanne, na hakuna aliyewahi kufikiri mzee angeweza kuishi kwenye zogo lile.

"Kwa nini, Baba? Si nakusikiliza sasa?"

Mzee alifumba macho. Ilimchukua muda, naye Umeme hakumkata.

"Sasa," alisema. "Ndiyo. Asante, mama."

"Basi baki."

"Nimechoka... kukaa... na mtu... anayenivumilia."

Kila neno lilifika zima. Umeme alikuwa makini mno kiasi kwamba hakuwa na pa kukimbilia. Akamuuliza alianza lini kutaka kuondoka. Mzee akajibu neno moja, kwa urahisi kuliko yote: "Zamani."

Akampeleka wikendi iliyofuata. Watoto walimzunguka babu yao sakafuni, na yule wa mwisho akawa anakisia maneno yake kwa sauti kubwa, anakosea yote, anamkata kila dakika. Mzee alikuwa akicheka. Umeme alisimama mlangoni na begi la dawa hadi mdogo wake alipolipokea.

"Mbona hukai, dada?"

"Nina kazi," alisema, ingawa hakuwa nayo.

Nyumbani alitandua kitanda cha mzee. Hakuwasha redio wala hakwenda kabatini kuchukua simu. Akakaa kwenye godoro tupu, akasikia friji likinguruma jikoni, likanyamaza, likaanza tena.