Kochi la Kuazima

Dobi hakuwa na kiti cha kumkalisha mgeni. Hakuwa na saa ukutani, wala pazia, wala kikombe chenye mkono. Hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi, hakuwa na mjomba serikalini. Hakuwa na ada ya shule, na binti yake wa pekee, aliyefaulu kuingia sekondari ya bweni kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma mara mbili kwa kutoamini macho yake, alikuwa nyumbani akimpulizia baba yake mkaa wa pasi. Kitu kimoja tu Dobi hakuwahi kukikosa: mkunjo wa suruali. Mkunjo ule ulisimama mbele ya paja kama makali ya kisu, na watani wa mtaani walisema inzi akitua pale anakatika vipande viwili.

Basi habari zikavuma kwamba kuna shirika linapita nyumba hadi nyumba kutafuta watu wa hali ya chini, ili liwatumie hela kwenye simu. Si unga, si blanketi. Hela, na kila mtu ajipangie mwenyewe.

"Safari hii tumepata," alisema mke wa Dobi. "Umaskini wetu hauhitaji shahidi."

"Mke wangu, dunia huijui," Dobi akamjibu. "Mwenye duka anamkopesha nani unga? Yule mwenye sura ya njaa, au yule aliyechomekea shati?"

"Huu si mkopo, baba watoto. Wanagawa."

"Hata anayegawa anataka kujua hela yake inaingia nyumba ya watu wanaojiheshimu. Halafu mgeni ni mgeni. Kwangu mimi hakai chini."

Tusimcheke upesi. Maisha yake yote Dobi alikuwa amepata chochote alichopata kwa njia hiyo: kwa kuonekana hakihitaji.

Ukuta mmoja mwembamba uliitenga nyumba yake na ya muuza mbao, mtu mwenye mali, ambaye siku hizo alikuwa safarini msituni kununua magogo. Mkewe, Mama Mbao, alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na mkono mwepesi wa kutoa.

"Chukua, shemeji," Mama Mbao alimwambia Dobi alipokwenda kuazima. "Kochi halina mbawa, litarudi."

Wakalibeba kochi. Wakabeba na zulia, pazia, vikombe na saa ya ukutani. Kwa Mama Mbao ukabaki msumari.

Karani wa shirika alikuwa msichana mpole mwenye viatu vya vumbi. Alikaa kwenye kochi akazama mpaka magoti yakamfikia kidevuni. Akatazama zulia. Akaitazama saa. Akaitazama suruali ya Dobi kwa muda mrefu zaidi.

"Mzee wangu, vitu hivi ni vyenu?"

"Kwani umeviona kwa nani?" Dobi akauliza kwa tabasamu.

"Na chakula? Kinawatosha?"

"Tunakula tunasaza, mwanangu. Karibu chai."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho si cha kifua. Karani alikunywa chai, akaandika, akashukuru, akaingia nyumba ya pili.

Ukuta ule haukuzuia neno. Dobi alisikia kila kitu.

"Mama, mnakalia nini humu?"

"Si unaona? Ndoo. Vuta na wewe moja."

"Mzee anapata kiasi gani kwa mwezi?"

"Mwanangu, swali hilo namuuliza tangu aliponioa."

"Na siku ya mwisho alipokuwepo, usiku mlikula nini?"

"Maneno!" akasema Mama Mbao, akaangua kicheko, kwa maana ni kweli, waligombana mpaka wali ukapoa na kutupiwa kuku. Lakini karani hakuuliza habari za wali. Aliona chumba kitupu na mwanamke anayecheka shida zake, na kalamu yake ikawa nzito kwa huruma.

Baada ya majuma machache simu ya Mama Mbao ikalia. Ya Dobi ilinyamaza. Alipokwenda kuuliza ofisini kwao, aliambiwa kwa adabu kwamba kaya yake imeonekana inajiweza.

"Inajiweza," mkewe akarudia. Alikuwa ameketi sakafuni, maana kochi lilisharudi kwao. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeuficha, ukautandikia na zulia."

 Dobi alichukua sare za watoto wa muuza mbao akaanza kuzinyoosha. Binti yake alizikunja moja moja, akalaza viganja vyake juu ya ile sketi ya mwisho muda mrefu kuliko inavyohitaji sketi. Dobi akageuza uso, akasingizia moshi wa mkaa.

Jioni ile Mama Mbao aliingia bila kupiga hodi.

"Shemeji, hela hizi sizitaki. Nimezitoa zote. Mpeleke mtoto shule."

"Siwezi kula hela ya mke wa mtu."

"Nani kakwambia ule? Hela hazikuja kwangu, zilifuata upungufu wa kochi, na kochi lilikuwa kwako. Kochi langu limekuponza, acha likuponye."

"Watu watasema…"

"Watu wanasema hata ukilala! Chukua."

Dobi akatafuta mlango wa heshima wa kupitia, akaupata: alizipokea kama mkopo, na deni atalilipa kwa kunyoosha nguo za nyumba ile bure. Mama Mbao akakubali haraka, maana muuza mbao mashati yake yalikuwa mengi. Juma lililofuata ada ililipwa. Zikanunuliwa godoro, sanduku la bati na viatu vyeusi, zikabaki na za nauli. Binti akaondoka na sare ambayo hata kwenye kiwiko haikuwa na mkunjo usiotakiwa. Nyumba ikawa kimya, na Dobi akajipulizia mkaa mwenyewe, akipiga mluzi.

Muhula ulikuwa unakaribia kwisha ulipofika ujumbe mwingine kwenye simu ya Mama Mbao: karani atakuja kesho kuona maendeleo ya kaya, kisha itatumwa awamu ya pili.

Kabla Dobi hajamaliza kusomewa, kochi lilikwishaingia nusu mlangoni pake. Wachukuzi wawili wa mbao walilisukuma kutoka nje.

"Pokea huko, shemeji!" Mama Mbao alipaza sauti. "Kesho mimi fukara tena, wewe tajiri tena. Au mtoto hataki muhula wa pili?"

Kochi likakwama. Si ndani, si nje. Wachukuzi wakaenda kutafuta maji ya kunywa, Mama Mbao akabaki upande wa nje, Dobi na mkewe upande wa ndani, kila mmoja ameegemea mkono wa kochi.

"Wakigundua," mkewe alisema polepole, "hela zinakatwa, na mtoto anarudishwa na sanduku lake. Na shoga yangu huyu ataitwa mwizi kwa kutupenda. Waandikie, mume wangu. Sema kweli."

"Niseme nini?"

"Kwamba sisi ni mafukara."

"Neno hilo halina heshima."

"Lina ada ndani yake."

Dobi akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Alianza hivi: *Napenda kuwafahamisha juu ya hitilafu ndogo iliyojitokeza katika mpangilio wa samani.* Mkewe alipoisikia akacheka mpaka akashika mbavu. Kutoka nje Mama Mbao akauliza, "Kaandika nini? Nami nicheke!" Dobi akaichana karatasi ile. Akakaa. Akatazama mahali ambapo binti yake alikuwa akisimama na kipepeo cha mkaa. Kisha akaandika bila kuinua kalamu:

*Kochi mlilolikalia si langu. Saa si yangu. Sisi hatusazi. Mimi ni fukara, na siku ile niliona haya. Jirani yangu hakuwaibia kitu: hela zilizokosea nyumba amezileta mwenyewe kwenye nyumba mliyokuwa mkiitafuta, na mtoto yuko darasani. Kama bado mnatutafuta, njooni. Mtakalia ndoo.*

Akasita. Mtu habadiliki kwa siku moja. Akaongeza chini: *Itakuwa na kitambaa safi.*

Akaikunja barua, akaitia katika bahasha, akalamba gundi. Halafu akaipitisha pasi ya moto juu yake, taratibu, pembe hadi pembe, mpaka bahasha ikalala bapa kama kola ya bwana harusi. Akachomekea shati, akalipanda kochi mlangoni kwa tahadhari asiharibu mkunjo, akashukia upande wa Mama Mbao, na kwa miguu yake akaenda mpaka ofisi ya shirika, akaitumbukiza katika sanduku la barua.