Nyuzi za Kwenda Bukavu

Jovitha aliuvuta mshipi wa nailoni, akautekenya kwa ukucha na kutega sikio. Alipofikia mshipi wa tano, Masele, muuza zana za uvuvi pale Kirumba, alishindwa kuvumilia.

"Mama, sangara hawaimbiwi. Niambie unataka unene gani."

"Ule utakaolia vizuri."

Masele akacheka, lakini akampisha apite nyuma ya meza achague mwenyewe.

Jovitha ni Mhaya aliyeolewa Bukavu, Kongo. Huko alipiga selo, ile ala kubwa ya nyuzi inayoshikwa kati ya magoti, katika okestra ya vijana na wazee waliojifunza parokiani. Vita vilipoingia mjini alikuwa ameshafiwa na mume. Alikimbilia Mwanza kwa mdogo wake, Lwakatare, akiwa na begi la nguo tu. Selo alimwachia mwanafunzi wake, Evelina, kwa kuwa dereva wa basi alikataa katakata: nafasi ni ya watu.

Okestra haikufa. Wengine walitawanyika, wawili walizikwa, na waliobaki waliendelea kukutana ukumbini mchana, madirisha yamefungwa. Ila nyuzi za selo zilikatika, na hakuna duka lililokuwa nazo. Ndiyo maana Jovitha alikuwa Kirumba, akitafuta mishipi ya kushika nafasi yake.

Nyumbani alipigilia misumari kwenye ubao, akaikaza mishipi ipite juu ya debe tupu, akaijaribu siku nzima.

"Dada, majirani wanauliza una nini," Lwakatare alisema.

"Waambie nafanya kazi."

Mishipi iliyofaa alimkabidhi Paulo, dereva wa lori la dagaa linalokwenda Kongo. Paulo aliporudi alipitia nyumbani.

"Shikamoo mama. Mzigo umefika. Evelina anasema safari ijayo nikuletee selo yako. Juu ya magunia nafasi ipo."

"Marahaba. Nitampigia mwenyewe," Jovitha alisema. Tangu aje Mwanza, kwaya ikiimba kanisani, vidole vyake vya kushoto vilikuwa vikibonyeza sketi vyenyewe. Usiku aliota ubao wa selo ukitetemeka kifuani mwake. Paulo alipoondoka ilikuwa saa ya mazoezi Bukavu; akaingia jikoni, akapiga simu.

"Evelina, mna selo nyingine?"

"Hapana, Mama Jovitha. Lakini hii ni yako."

"Hebu nipigie kidogo."

Sauti ilikuja imekauka, kama ya mtu aliyeamka na mafua. Kisha ikapata joto. Nyuma yake Deodatus, kiongozi wao, alihesabu, fidla zikaingia, zikafuata tarumbeta. Jovitha akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Alimjua kila mmoja kwa pumzi yake.

Muziki ukakoma.

"Mama, nimpe Paulo?"

Alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Usimpe," alisema, kwa ukali ambao hakuukusudia. "Ibaki hapo. Uzi wa pili umelegea, ukaze. Halafu mrudie mwanzo."

Ukasikika uzi ukikazwa, polepole, mpaka ukakaa sawa.

Walipoanza tena, Lwakatare alizima televisheni sebuleni, akaja kukaa chini karibu na dada yake aliyekuwa akilia waziwazi, simu kaiweka mapajani ikiwa kwenye spika.

"Nani huyo anapiga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni selo yangu," Jovitha akasema. "Sikiliza."