Gari Linalonukia Vanila

Kabla sijaliona gari lenyewe, nililinusa. Tulikuwa bado getini, katika ile mitaa ya Golf ambako kuta zimepanda mpaka huoni nyumba, na tayari vanila ilikuwa imenikaa kooni. Si vanila ya keki. Ni ile ya kopo, inayopuliziwa chooni wageni wakikaribia. Mume wangu Mwenze akavuta pumzi, akasema panavutia. Mimi ukweni wananiita Mama Pua, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu.

Lazima niseme nilikwenda kule nikiwa na hasira tayari. Mwenze anaendesha lori kubwa mgodini Ruashi, na huko huko Ruashi tumejijengea nyumba ambayo nusu yake ina mabati na nusu nyingine ina mbingu. Mvua zikianza tunalala wote chumba kimoja, sisi na watoto na masufuria. Akiba ya mabati ndiyo hiyo hiyo aliyotaka kuigeuza gari jekundu la milango miwili, la mbio, lililokaa chini hivi kwamba kule kwetu lingetumbukia kwenye shimo la kwanza na kutolewa rambirambi. Alikuwa ameona picha yake kwenye simu. Tangu siku ile simu ilikuwa inalala kifuani pake, mahali nilipokuwa nalala mimi.

Alikubali tuende wote kulitazama, kwa sharti moja: nisizungumzie harufu. Alisema kila kitu kwangu kinanuka, hata kisichonuka. Nikakubali, kwa sababu pesa zilikuwa ndani ya mkoba wangu na mkoba ulikuwa begani mwangu.

Mwuzaji alitufungulia geti mwenyewe. Jina lake Chola, shati la hariri, kijiti cha meno kikining'inia mdomoni. Alikuwa ametoka mezani bila kunawa. Akanipa mkono, na mafuta ya nyama yakabaki katikati ya vidole vyangu. Nikaupangusa mkono ule kwenye kitenge changu mbele ya macho yake, naye akajitia hamnazo.

Gari lilikuwa limeegeshwa uani, liking'aa kama mdomo uliopakwa rangi. Usukani upande wa kulia, kama mengi yanayotoka Japani. Chola alieleza kwamba lilishuka Dar, likapita Zambia, likaingilia mpakani Mokambo juu ya lori, na tairi zake zilikuwa hazijaijua hata lami ya Lubumbashi. Mwenze aliuliza kwa upole mbona kanyagio la breki limelika. Basi ikawa lilikuwa la daktari mmoja aliyehamia Ulaya. Nikauliza daktari gani. Basi ikawa ni yeye Chola aliyekuwa akiliendesha, Jumapili tu, kwenda misa. Historia tatu kabla hatujafungua mlango, na kila moja aliisema akitabasamu, kijiti kikihama kutoka shavu hili kwenda lile.

Nikafungua mlango wa kushoto, wa abiria. Vanila ilinipiga usoni, na chini ya vanila kulikuwa na kitu kingine, jasho, manukato ya zamani na pombe iliyomwagika ikaukia kwenye zulia. Nikazuia pumzi. Kwenye mkanda wa kiti zilikuwa zimenasa nyuzi za rasta, nyekundu kama gari, na mmoja ulikuwa na bonge la mafuta ya nywele kwenye ncha. Niliahidi kutozungumzia harufu. Kuhusu nywele sikuahidi kitu, lakini roho ilikuwa imenichafuka kiasi kwamba nilihofia nikifungua mdomo patatoka kitu kingine.

Nikazunguka mbele, nipate hewa. Hapo, chini ya vifuta maji vya kioo, nikaona majani. Hayakuwa yameangukia pale; yalikuwa yamesokotana, na kijitawi chake kilikuwa kimevunjwa kwa mkono, kikasukumwa pale kisimame. Kila mtu wa hapa anayajua majani ya namna hiyo. Mtu akifa tunaweka matawi barabarani mbele ya nyumba yake, na siku ya kumzika magari ya msafara yanavalishwa matawi. Haya yalikuwa yamekauka bila kupoteza rangi yake yote.

Nikamwuliza Chola ni nani aliyekufa.

Kijiti kilisimama. Akakitoa mdomoni, akakitazama, akakirudisha. Akasema ni kaka yake, Musonda. Gari lilikuwa la Musonda, nyumba ilikuwa ya Musonda, na sasa ni mambo ya ukoo. Nikamwuliza kama marehemu alikuwa na mke.

"Iko mu matanga," akasema, akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

Nikaomba kwenda msalani. Sikuwa na haja, na hata ningekuwa nayo nisingekaa juu ya choo cha watu wale. Nilipita sebuleni. Kaka wawili wa Chola walikuwa wamekaa mbele ya bukari, ugali wa kwetu, na sahani ya matumbo, wakila bila kuzungumza. Kuta zilikuwa na miraba myeupe mahali palipokuwa na televisheni na picha. Fito za pazia zilikuwepo, mapazia hayapo. Nzi walikuwa wanajichagulia sahani.

Kwenye chumba cha nyuma nilimkuta mwanamke amekaa juu ya mkeka. Godoro, alinieleza baadaye, lilikuwa limeshauzwa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na juu yake kitambaa cheusi. Jina lake Mapalo. Nilimpa pole. Aliniuliza kama ni sisi watu wa gari, nikaona haya kusema ndiyo.

Aliongea polepole, bila kulia. Siku ya kumaliza matanga ilikuwa imepita zamani. Wageni walikula, wakaondoka. Lakini ndugu za mumewe wamekataa kumfungua. Desturi ya kwao ni kwamba mjane ana mfu wake mwilini mpaka ukoo wa mume umpake unga na kumfunga ushanga mweupe mkononi; asipofunguliwa, hakuna anayempokea chini ya paa lake, hata mama yake mzazi. Anaweza kutoka nje ya geti, ndiyo, lakini atakwenda wapi na mfu? Chola anajua hivyo. Anajua pia kwamba siku Mapalo atakapokuwa huru atakwenda kudai haki yake. Kwa hiyo wamepanga kuuza kwanza, kufungua baadaye. Vitu vya ndani vimekwisha. Limebaki gari. Na wakati wakingoja mnunuzi, yeye ndiye anayewapikia.

Nikakumbuka zile rasta. Nikamwuliza, kwa sababu nina mdomo usiojua kunyamaza, kama kabla ya kunyolewa nywele zake zilikuwa nyekundu.

"Ile haiko yangu, mama," akasema. "Ile motokari, hakunipandishaka mule hata siku moja."

Nilirudi uani. Nilikuwa nimeshika kuta njiani, na hata kuta zilinichukiza.

Mwenze alikuwa ameketi ndani ya gari, mikono miwili kwenye usukani, uso wake kama wa mtoto aliyepewa chungu cha sukari akilambe. Nikainama dirishani nikamweleza yote: majani, sahani ya matumbo, mkeka, unga, ushanga. Alisikiliza. Nilimwona akisikiliza. Kisha vidole vyake vikapapasa usukani, taratibu, kama mtu anayeaga, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Tukikatala siye, mwingine atakamata," akasema.

Katika kinyaa chote cha siku ile, mafuta ya Chola, nywele za yule mwanamke nisiyemjua, nzi, hakuna kilichonichukiza kama sentensi hiyo. Ilitoka kwenye mdomo ninaoubusu. Na kibaya zaidi, ilikuwa kweli. Tungeondoka, kesho angekuja mwingine mwenye simu kifuani, na Mapalo angeendelea kupika.

Nikanyooka. Nikaingia sebuleni, nikasimama mbele ya meza yao, mkoba wangu nimeukumbatia ili wauone. Chola alikuwa amenifuata. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani:

"Motokari ya mufu, na bibi yake hayafunguliwa. Miye sitaikala mule. Mumufungule kwanza, apa, nione na macho. Kisha bwana yangu ataijaribu mu barabara, ule mama atamufikisha kwabo. Kisha tutaona ya feza."

Mmoja wa wale kaka aliacha kutafuna, tonge likamvimba shavuni. Wezi wale walikuwa wanaiamini desturi kuliko hata Mapalo. Ndiyo maana waliweza kumfungia nayo. Walikuwa wameisahau kwa upande wao tu. Nani atanunua gari la marehemu ikiwa marehemu bado yumo? Na mimi nikitoka pale na mdomo wangu huu, mji mzima utajua. Chola alitazama mkoba. Akatazama ndugu zake. Akatoka kwenda kumwamsha shangazi yao aliyekuwa amelala chumba cha mbele.

Nimeona wajane wakifunguliwa. Huwa ni jambo la heshima, watu wanavua viatu, wazee wanazungumza na marehemu kwa jina. Ile ya siku ile sitaisahau kwa ubaya wake. Mapalo aliitwa uani, kando ya gari, na shangazi akaja akipiga miayo. Unga uliletwa ndani ya kifuniko cha ndoo. Alipenga kamasi kwa vidole, kisha kwa vidole hivyo hivyo akampaka Mapalo unga kwenye paji la uso. Ushanga ulikatika, shanga zikasambaa kwenye saruji chini ya gari, wakaokota chache wakazifunga kwa uzi wa kushonea. Chola alikuwa na simu sikioni muda wote. Hakuna aliyemtaja Musonda. Nilitamani kumtapikia mtu, nikashindwa kuchagua nani.

Lakini ilifanyika, mbele ya mashahidi, na kitu hicho kikishafanyika hakirudi nyuma. Mapalo aliutazama mkono wake. Akavua kitambaa cheusi, akakikunja, akaenda kuchukua mzigo wake. Ulikuwa mmoja.

Gari lina viti viwili. Chola alisema halitoki getini bila rehani, na hapo nikaelewa kwamba rehani ni mimi na mkoba wangu. Sawa. Mapalo akafungua mlango wa kushoto. Kabla ya kukaa, alinasua zile nyuzi nyekundu kwenye mkanda, moja baada ya nyingine, bila haraka, akazidondosha chini karibu na viatu vya Chola. Akapangusa kiti kwa kiganja. Akaketi wima, mzigo magotini, kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba asiyoizoea.

Mwenze aliniangalia kwa macho ya kuomba. Sikumpa kitu. Ninamjua mume wangu: akishakanyaga mafuta ya gari zuri, masikio yanaziba. Mama yake Mapalo anakaa Katuba, na kutoka Golf mpaka Katuba kuna lami ya kutosha kumharibu mwanamume. Geti likafunguliwa, injini ikanguruma, nikabaki nao.

Walinipa kiti na sahani. Nikakataa sahani. Chola alirudi kwenye matumbo, akawa analamba vidole mpaka kwenye kifundo, akinieleza jinsi shemeji yake alivyo na kiburi, jinsi walivyomlisha. Kumlisha! Chakula alichopika mwenyewe. Nikamwuliza kaka yake alikufa na nini, akasema alikufa tu, akachota tonge. Baadaye akaniuliza kama nina mdogo wangu ambaye hajaolewa, kwa sababu nyumba kubwa kama hii inahitaji mwanamke. Mtu huyo hana mshipa wa aibu hata wa kuazima. Nikageuza kiti changu nikaangalia ukuta, nikafikiria mabati yangu, nikajiambia kwamba Mwenze akirudi na ule uso wa sukari, nitampa mkoba na pesa zake na nitakwenda zangu kwa miguu mpaka Ruashi, na hapo tutaona nani analala wapi.

Alichelewa. Chola akaanza kucheka, akasema bwana yangu amelipenda, mwanamume akichelewa hivi ameshakuwa mnunuzi. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Hatimaye tukasikia injini. Lilikuja polepole mno kwa gari la mbio. Vioo vyote viwili vilikuwa vimeshushwa. Mwenze akaliegesha pale pale juu ya shanga zilizobaki, akazima, akakaa kidogo. Kwenye kiti cha kushoto, mahali kichwa kinapoegemea mtu akigeuza uso, unga wa Mapalo ulikuwa umeacha alama nyeupe. Alitoka nje, akafunga mlango bila kuubamiza. Niliutafuta ule uso wa sukari, sikuupata.

Chola alikuwa ameshainuka, anapangusa viganja kwenye suruali, mkono umenyooshwa tayari. Akamwuliza kama hakuona vile inakimbia.

Mwenze hakuushika ule mkono. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akaja akanichukulia mkoba begani, kama ninavyomwomba afanye siku zote naye husahau.

"Inanuka," akasema.

Tukaenda getini. Nyuma yetu Chola alikuwa anapaza sauti kwamba hilo si tatizo, papa, vanila nyingine ipo ndani.