Bidoni Bila Mwenyewe

Jumapili, tuliporudi kutoka misa, Tonton Apollinaire, ami yetu, aliketi kwenye kiti cha marehemu baba, akavua kofia, akaniuliza mbele ya nyumba nzima:

"Natha, maneno ya dot iko wapi?"

"Iko, Tonton. Iko kichwani."

"Mimi sikuuliza kichwa. Niliuliza karatasi."

Dada yangu Gloire alikuwa atolewe mahari Jumamosi ile. Kwetu siku ya mahari, tunayoiita dot, haianzi kwa kuhesabu ng'ombe wala kumimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Inaanza kwa maneno. Mmoja wa nyumba ya binti anasimama, anawapokea wageni kwa shairi, na mpaka amalize, upande wa bwana harusi haufungui kinywa. Baba ndiye aliyefanya hivyo kwa ukoo mzima, na hata kwa majirani wa mtaa wetu wa Cimpunda waliokosa msemaji. Alifariki miaka miwili iliyopita. Mwaka jana, kwa dada mkubwa Gisèle, nilisimama mimi. Nilitoa mishororo minne, wa tano ukakataa. Nilibaki mdomo wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa, mpaka binamu yangu Willy akanyanyuka na simu yake, akasoma maneno ya Kifaransa yenye mawaridi ndani. Mawaridi, Cimpunda! Watu wakapiga makofi. Mpaka leo nikiyasikia makofi hata kanisani, masikio yangu yanawaka.

"Alhamisi saa tano," Tonton aliendelea, "nitakuja kusikia yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kama haiko, Willy atasimama pa fasi ya baba yako."

Willy alikuwa ameegemea mlango. "Telefone nimekwisha charger," alisema, akicheka.

Damu ilinipanda. Mimi nilijifunza shairi peke yangu, kwa kitabu kilichopoteza jalada, nikihesabu mizani kwa vidole mpaka vidole vikazoea kuhesabu hata watu wakizungumza. Nisimamishwe na simu?

"Shairi si bugali, Tonton," nikasema. "Haipikwi kwa saa."

"Bugali njo tunakulaka kila siku, mutoto wangu. Shairi yako hatujaionja."

Nyumba nzima ilicheka, hata Gloire, ingawa yeye aliacha haraka na kuniangalia. Yale macho ndiyo yaliyoniuma. Nilikuwa nimemwahidi.

Ukweli ni huu: daftari nilikuwa nalo wiki tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha shairi, nimekipigia mistari mitatu chini kwa kalamu nyekundu, na mshororo mmoja wa kuwapokea watu wa bwana harusi: *Karibuni wa Bagira, wageni wa mlimani.* Basi. Nilikuwa nasubiri. Asubuhi nilisubiri umeme urudi. Ukirudi, redio za majirani zote zilifunguliwa pamoja, nikasubiri zinyamaze. Zikinyamaza, mvua ilianza kupiga mabati. Jioni kulikuwa na ubishi wa mpira kwa kinyozi Didier, nami si mtu wa kukimbia ubishi. Sababu zangu zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa ya kweli. Ubaya wake ndio huo. Zingekuwa za uongo ningezigundua mapema.

Na jioni zote hizo, nikiulizwa, nilijibu: "Nimekwisha anza."

Jumatatu mama alinikabidhi bidoni kumi, madumu matupu ya maji, tano zetu na tano za majirani.

"Mupaka Ijumaa nataka bidoni makumi ine," alisema. "Masufuria, sahani, batu mia moja wa kunawa. Gloire hawezi kubeba, bibi-harusi hapitake mu njia na bidoni ku mugongo. Weye njo uko na nafasi."

"Mimi, maman? Sina ata dakika moja! Niko na shairi!"

Mama yangu Godelive hana mazoea ya kupaza sauti. "Uende nayo ku robinet," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Bomba la mtaa wetu hutoa maji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, likiwa na huruma. Foleni yake si ya watu, ni ya bidoni. Unaiweka yako nyuma ya nyingine, inakushikia nafasi, nawe unaweza kwenda zako. Nilizipanga zangu kumi, nikahesabu zilizotangulia: thelathini. Nikaona nina muda wa kutosha, nikashuka kwa Didier. Kule nikakuta mtu anasema upuuzi kuhusu penalti ya jana. Nilimrekebisha. Akajibu. Nikamrekebisha tena.

Niliporudi, bidoni zangu zilikuwa mwisho kabisa, zimelala ubavu kama walevi.

"Nani alisukuma bidoni zangu?"

"Mimi," alisema Maman Apolline, mwanamke anayelinda bomba. Ana mguu mmoja wenye nguvu kuliko yangu yote miwili, na ndio anaotumia kusukumia bidoni. "Zamu yako ilifika. Niliita mara tatu."

"Lakini bidoni zilikuwa mu mustari! Nafasi ni yangu!"

"Papa, bidoni inakushikiaka nafasi. Haiwezi kujifungua kifuniko yenyewe."

"Nilikuwa na kazi!"

"Kazi ya kwa Didier?" aliuliza mmoja katika foleni, na wanawake wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza: "Poète, imbia bidoni zako zitembee!"

Nilijibu maneno ambayo mama hakunifundisha. Maman Apolline hakushughulika nami. Aliita bidoni iliyofuata. Saa nne kasoro maji yakakohoa, yakakatika. Nilipanda ngazi za mtaa na bidoni kumi tupu, zikigongana miguuni, na kila zilipogongana nilisikia makofi ya Willy.

Nyumbani mama alizitazama, akarudi kwenye maharagwe yake. Nikaingia chumbani, nikafungua daftari kwa hasira ili niandike yote siku ile ile, niwaaibishe wote. Kichwa cha shairi kilikuwa pale, mistari mitatu myekundu chini yake. Wiki tatu nimekiweka pale na kwenda zangu, nikiamini nipo kwenye foleni. Nililitupa daftari ukutani. Halafu nikaliokota, maana ndilo hilo moja tu nililo nalo.

Jumanne nilibaki bombani. Si kwa hekima, kwa inda tu: nilitaka Maman Apolline akose nafasi ya kutumia mguu wake. Kwa inda hiyo hiyo nikapima kwa saa ya simu. Bidoni moja ya lita ishirini hujaa kwa dakika nne. Mbele yangu zilikuwa thelathini. Nikahesabu mara mbili nikidhani nimekosea: saa mbili kamili. Sikukumbuka ni lini nilikuwa na saa mbili ambazo hakuna mtu angeweza kunituma. Maana aliye bombani hatumwi popote. Hata mama yake anaheshimu foleni.

Baba alitumia beti tano, mishororo ishirini. Nilikuwa na mmoja. Nikajiwekea sheria, nikaiandika juu ya ukurasa ili nisijidanganye: kila bidoni tano, mshororo mmoja. Ukishaandikwa, haufutwi siku hiyo. Bidoni yangu ikifika bombani, daftari linafungwa.

Ilikuwa mateso. Bidoni nne zilipita sijaandika neno. "Ya tano!" aliita Maman Apolline, sauti kama kengele ya shule, nami nikaandika mshororo mbovu kwa sababu sheria ni sheria. Nilitaka kuufuta. Mkono uliwasha. "Ya sita!" Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa natumia siku nzima kufuta. Nilipofika bombani nilikuwa na mishororo sita, miwili kati yake mizuri, na kichwa kinachouma kama kilichobebeshwa mawe. Bidoni kumi zikajaa. Nikazipandisha mbili mbili, safari tano, nikiwatukana kimoyomoyo wote walioumba milima ya Bukavu.

Jumatano bidoni arobaini zilinitangulia. Mishororo minane. Ubeti wa kumkumbuka baba ulitoka siku hiyo, na nilipouandika nililazimika kuinamia bidoni kama nakaza kifuniko, ili wale wanawake wasione uso wangu.

Alhamisi ilibaki mishororo mitano. Minne ilikuja. Wa tano, ule wa kufunga shairi, ndio niliokuwa nimeusubiri wiki zote tatu. Nilitaka dhahabu ndani yake. Baba wa bwana harusi, Bruno, alichimba dhahabu kule Luhwindja miaka mingi kabla ya kujenga nyumba Bagira, na nilitaka aketi pale asikie dhahabu ya jasho lake ikifananishwa na dada yangu. Nilikuwa na nusu ya kwanza: *Mtunzeni kwa busara.* Nusu ya pili ikakataa. Neno dhahabu halikutaka kuingia kwenye mizani, na nilipolilazimisha lilivunja kina. Zikabaki bidoni tatu. Mbili.

"Poète, fungua!"

"Ngoja kidogo, Maman Apolline, nakuomba."

"Maji haingojake." Mguu wake ukanyanyuka.

Nikaandika kile macho yangu yalichoona: *kama maji bidonini.* Nikafunga daftari, nikafungua kifuniko. Nilikuwa na aibu. Nikajiambia nitaurekebisha nyumbani kabla ya saa tano.

Lakini mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha ngazi, safari tano zikawa kama kumi, na nilipoweka bidoni ya mwisho Tonton alikuwa tayari kwenye kiti cha baba. Mtu huyu huchelewa hata mazishi! Siku hiyo alikuja robo saa kabla. Willy alikuwa pembeni yake na simu.

Nilisimama na matope magotini, nikasoma. Hapakuwa na mshororo wa tano uliokataa. Nilipita ule wa tano, wa sita, nikafika ubeti wa mwisho, unaorudia mshororo wa kwanza:

*Karibuni wa Bagira, wageni wa mlimani,*
*Baba hayupo kwa sura, ila yumo midomoni,*
*Binti yake ana dira, hatapotea njiani,*
*Mtunzeni kwa busara, kama maji bidonini.*

Tonton alikuwa amefumba macho. Alipoyafungua alisema: "Mustari ya mwisho iko na haraka."

"Minajua, Tonton. Nitaibadilisha kesho."

Neno lile lilinitoka kabla sijalishika. Gloire, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia sahani, aliinua uso. Tonton naye akainua nyusi.

"Kesho?"

Nikalifunga daftari. "Hapana. Ibakie vile iko."

"Maji?" Willy alicheka. "Ku dot? Hauna ata rose moja?"

"Rose inamwagiliwaka nini, Willy?"

Tonton alikohoa, lakini kikohozi chake kilikuwa kicheko. Willy aliirudisha simu mfukoni.

Jumamosi wageni walipanda kutoka Bagira kwa magari matatu, mvua ikiwa imekatika. Nilisimama mbele ya kiti cha baba. Ubeti wake, ule niliouandika nimeinama, waliupokea kwa heshima, wakatikisa vichwa. Nilitegemea machozi. Sikupata hata moja, isipokuwa ya mama. Mishororo niliyoipenda ilipita mmoja mmoja kama abiria wasiojulikana. Nikafika mwisho. Nikautamka ule wa aibu kwa sauti ya chini kidogo, ili upite haraka.

Mama wa Bruno alisimama. Mwanamke mnene, kitenge kipya, mkono kifuani.

"Maji!" alipaza sauti. "Musikie! Amesema kama maji! Bruno, weye unajua maji ya Bagira ginsi tunaitafutaka! Ukimwaga ata tone moja ya huyu mutoto, utanieleza!"

Vigelegele vikalipuka pande zote mbili. Maman Apolline, aliyealikwa na mama bila kuniambia, alikuwa nyuma akipiga makofi na kupiga chini ule mguu wake. Gloire alikuwa analia na kucheka pamoja. Baba wa Bruno, mchimbaji wa dhahabu, alipiga makofi kuliko wote, na hakuonekana kuikosa dhahabu yangu.

Nami nikasimama pale, nimekasirika. Wiki tatu natafuta, na wanachopenda ni kile nilichokiandika kwa kutishiwa teke!

Willy alinisogelea na glasi ya kasiksi. Safari hii hakuwa anacheka. "Hiyo ya maji, uliitafuta siku ngapi?"

"Bidoni mbili," nikasema.

Jumatatu iliyofuata hakukuwa na sherehe, na nyumbani maji yalitosha. Hata hivyo nilishuka bombani na bidoni moja na daftari, nikaiweka nyuma ya ishirini na sita. Didier aliniita kutoka ng'ambo; kulikuwa na ubishi, na kwa mbali nilisikia kwamba walikuwa wanakosea. Nilikaa juu ya bidoni yangu. Ile dhahabu iliyokataa mizani bado ilinikera, na safari hii nilitaka kuimaliza.

Ya kwanza ikajaa. Ya pili. Ya tatu. Ukurasa mweupe kabisa.

"Ya ine!" aliita Maman Apolline, akinitazama mimi, si bidoni.

Nilimjibu kwa neno moja baya, kwa sauti ya chini, nikaandika.