Kipimo cha Mwanzo

"Tufaa," alisema daktari. "Daraja. Shati. Nyundo. Samaki."

Marlin Fontenette aliyarudia yote, akipiga goti lake kwa kidole kila neno lilipotoka. Daktari akamwambia vizuri, ayashike, angemuuliza tena baadaye. Kisha akamtaka ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, kila mara akipunguza saba.

"Tisini na tatu," alisema Marlin. "Themanini na sita."

Hapo akasimama. Themanini na sita ilikuwa namba ya jezi yake kwa misimu yote aliyocheza futiboli ya Kimarekani, na alipoifikia alitabasamu kama mtu aliyefika kwake. Daktari alisubiri. Marlin naye alisubiri.

Charisse, mkewe, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Kabla hawajaanza alikuwa ameambiwa asimsaidie, asimpe ishara, asikohoe. Alikuwa amempigia pasi suruali na kumshonea namba yake ya simu ndani ya koti, baada ya polisi kumkuta Marlin kwenye kituo cha mafuta karibu na mji wa Beaumont, injini ikiunguruma, akisubiri basi la timu. Ili asimtazame mumewe, Charisse alitazama rafu nyuma ya daktari. Ilikuwa na mipira ya ngozi ya kahawia, ile yenye ncha mbili, imepangwa safi. Hakuna hata mmoja uliokuwa na maandishi. Alidhani ni pambo tu la ofisi.

"Sasa yale maneno," alisema daktari. Aliitwa Whitcomb, na sauti yake haikuwa na haraka.

Marlin alifumba macho. "Samaki." Kidole kikapiga goti. "Daraja." Kidole kikabaki juu. Alikaza taya, mshipa ukamtoka kwenye paji la uso. "Maharagwe."

Charisse akainamisha uso. Juma lililopita Marlin alikuwa ameinjika maharagwe mekundu, akatoka kwenda kukata majani, na jirani akavunja dirisha ili aingie kuzima jiko.

"Basi," alisema daktari, akaandika.

Marlin alivuta pumzi kama aliyemaliza mbio. Alikuwa amejitahidi kweli. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukifanya kile kipimo kwa moyo wote.

Mara ya kwanza kabisa alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka Opelousas, Louisiana, na sanduku moja na viatu viwili vya uwanjani. Siku ya kuamkia kipimo, mpokeaji mkongwe wa timu, mdakaji wa mipira kama yeye, alikaa mbele yake katika bwalo la chakula. Walimwita Shemasi, kwa sababu ndiye aliyewaombea kabla ya mechi.

"Dogo, kesho usijifanye profesa," alisema Shemasi akipaka siagi mkate wa mahindi. "Wakikupa maneno matano, warudishie mawili. Hesabu zao, kosea."

"Nikosee kwa nini, na ninazijua?"

"Kwa sababu siku ukigongwa ukaona nyota mchana, watakupima tena, walinganishe na hiki cha kesho. Ukiwa ulikuwa mjinga tangu mwanzo, hujapungua kitu. Unarudi kazini."

"Na nikipata yote?"

"Basi utakaa benchi umevaa miwani ya jua kama mgonjwa wa kichwa, na yule mtoto wa Ohio atavaa namba yako. Wewe ni mpokeaji, dogo, siyo mrushaji. Mrushaji akiumwa kichwa, nchi nzima inamwombea. Wewe ukiumwa, wanapiga simu wanaletewa mwingine."

Meza nzima ilicheka. Kocha msaidizi aliyekuwa akipita na sahani yake alicheka pia.

Kwa hiyo Marlin alirudisha mawili, na miaka iliyofuata alirudisha mawili. Alikuwa hodari wa njia ya katikati, pale mpokeaji anapokimbia macho yakiwa juu kwenye mpira huku beki akija kutoka upande asiouona. Aliudaka mpira kwanza, akagongwa baadaye. Alilipwa kwa mpangilio huo. Jumapili moja, baada ya kugongwa, alinyanyuka mwenyewe akatembea wima mpaka kwenye benchi la wapinzani, akakaa, akaomba maji. Uwanja mzima ulivunjika mbavu, na televisheni ilirudia picha hiyo juma zima. Jumatano walimpima. Alama zilikuwa zilezile. Jumapili iliyofuata alicheza.

Alipokuwa mkongwe yeye mwenyewe, aliwafundisha vijana wapya.

Daktari Whitcomb aligeuza kioo cha kompyuta ili Charisse aone.

"Mfuko wa fidia wa wachezaji wastaafu unauliza swali moja tu," alisema. "Hauulizi kama Bwana Fontenette anasahau. Unauliza kama amepungukiwa akili kwa sababu ya mchezo. Hiki hapa ni kipimo chake cha mwanzo, kabla hajacheza hata mechi moja. Maneno mawili kati ya matano. Leo, mawili kati ya matano. Hesabu, zinakaribiana."

"Ina maana gani?"

"Kwamba alivyokuwa ndivyo alivyo. Habari njema, kwa namna moja."

Charisse alikitazama kioo. "Alidanganya, Daktari."

"Nani?"

"Yeye. Wote. Walikuwa wakifundishana kukosea ili wasiwekwe benchi. Marlin alikuwa anakariri kitabu kizima cha mbinu za timu, mwaka hadi mwaka, kila mtu anakimbilia wapi. Mtu wa maneno mawili angewezaje?"

"Shemasi ndiye aliyetwambia," alisema Marlin, akifurahi kuwa analijua hilo. "Muulize."

"Yuko wapi huyo Shemasi?"

"Alijiua," alisema Charisse.

Marlin alimgeukia. "Lini?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mama, naweza kuyaandika hayo. Lakini wanasheria wa mfuko watasoma jambo moja tu, kwamba mtu huyu hudanganya kwenye vipimo. Wataniuliza, umejuaje kwamba leo hakudanganya?"

"Mtazame."

"Mimi sitazami, mama. Napima."

"Sikuombi kasri," alisema Charisse. "Naomba mtu wa kukaa naye nikiwa kazini. Napika shuleni, natoka alfajiri. Nikitoka namfungia kwa kufuli. Kwa nje. Nyumba ikishika moto atafia humo, na mimi ndiye mwenye ufunguo."

Daktari aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, akaiweka mezani.

"Hilo nitafanya kama sikulisikia," alisema. "Kumfungia mtu mzima mwenye akili timamu ni kosa la jinai. Na kuanzia leo, kwa mujibu wa kipimo, ana akili timamu."

Kufikia hapo alikuwa amemaliza, na sura yake ikalegea. Alimgeukia Marlin kwa sauti nyingine, ya mtu aliyetoka kazini.

"Nilikuwa chuoni ule mwaka mliocheza fainali. Ule mpira wa mkono mmoja, kwenye kona. Sijausahau."

Marlin akainuka kitini. "Beki alikuwa anafuata macho yangu," alisema. "Kwa hiyo niliangalia kulia, nikakata kushoto. Mpira ulikuja juu, nyuma ya bega. Mvua ilikuwa imeanza. Ningetumia mikono miwili ungeteleza." Mkono wake wa kushoto ulipanda juu kupita usawa wa rafu, vidole vikafunguka, na kwa kitambo hakukuwa na mtu mgonjwa chumbani.

"Unaona, mama?" alisema daktari. "Kumbukumbu ipo."

Alifungua kabati, akatoa mpira mpya na kalamu ya wino mweusi. "Ukiniwekea sahihi nitashukuru sana."

Marlin aliupakata mpira kama alivyofundishwa, ncha moja kwapani. Aliandika *Marlin*, herufi nzuri, zilizozoea kuandikwa kwa haraka kwenye kofia za watoto. Baada ya hapo kalamu ikasimama. Alimtazama mkewe. Charisse akafungua mdomo.

"Mwache aandike mwenyewe," alisema daktari kwa upole, kidole juu.

Jasho lilimtoka Marlin. Kidole kikaanza kupiga goti. Ghafla uso ukamfunguka, akainama, akaandika haraka kabla halijamponyoka, akamrudishia daktari mpira kwa mikono miwili.

*Marlin Nyundo.*

"Nimelipata," alisema. "Nilijua nitalipata."

Charisse alisimama. "Umeona, Daktari. Umeona kwa macho yako."

"Kipimo kilishafungwa, mama."

Daktari Whitcomb aliupuliza wino mpaka ukakauka. Aliupeleka mpira kwenye rafu, akausogezea mingine kando kuupatia nafasi, na akauweka maandishi yakielekea ukutani, kama alivyoiweka mingine yote.