Bango la Bondeni

Wewe hupita pale bondeni kila asubuhi ukageuza uso, kana kwamba hakuna kitu. Mchora mabango naye alikuwa hivyohivyo, mpaka tajiri mmoja alipomwagiza akaandike: ENEO TUPU, LINAUZWA.

Akaenda na wifi yake, wakasimamisha ubao. Kabla ya herufi ya kwanza, chura akamrukia mguuni. Alipoinama kumtoa akaona matete yamejaa viota, kerengende wa buluu, na korongo akitembea kwa madaha kama bwana harusi. Mkono ukaanza kwenda wenyewe.

“Wifi, umeagizwa herufi, unachora vyura!”

“Ananikodolea macho hivi, nimwandikie kwamba hayupo?”

“Basi mwongeze tumbo. Huyo wako kakonda.”

Wakacheka hadi rangi ikamwagika. Miaka kumi na tisa ameandika “Punguzo” na “Usikojoe Hapa”. Siku hiyo ndipo alipojua mkono wake ni wa kazi gani. Jua lilipopinda, ubao ulikuwa umejaa viumbe, hakuna nafasi hata ya nukta.

Tajiri ameapa kuupaka wote rangi nyeupe leo mchana. Ondoka kwenye hicho kiti. Nenda kasimame mbele ya ubao, sasa hivi!